Ukuta wa Mbao za Kamukuywa

Jumatatu, 6 Februari 2006

Maji ya chumvi. Mvuke. Uji vuguvugu. Halafu kimya.

Daktari alinitoa vinundu kooni, akasema nisiongee hadi mwisho wa Machi. Hata kunong'ona, hapana. Mwalimu mwingine anafundisha darasa langu. Shingoni nimening'iniza kibao cha zamani cha mwanangu Nanjala, chaki iko mfukoni. Mume wangu hunisomea kabla sijamaliza kuandika, tena hukosea.

Mchana nimekaa uani nikiutazama ukuta wa nje wa nyumba yetu, ule unaoelekea barabara. Plasta tupu, michirizi ya mvua. Nimeutazama hadi ukaanza kucheza kama pazia. Labda ni dawa.

Alhamisi, 9 Februari

Mama alipiga simu kutoka Kamukuywa. Baba Nanjala aliongea naye, kisha akaniwekea simu sikioni. Ndugu yangu Wekesa amebomoa nyumba ya marehemu baba. Anamjengea mama nyumba ya matofali, na mbao za ile ya zamani ndizo zitakazoyachoma.

Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nilimsikia mama akipumua upande wa pili, akinisubiri.

Nina hasira. Miti ile baba aliipasua mwenyewe.

Jumamosi, 11 Februari

Nimerudi kutoka Kamukuywa. Nimechoka. Nimeshinda.

Mbao nilizikuta zimerundikwa kando ya tanuri: milango, madirisha, boriti za jikoni nyeusi kwa moshi. Nikapanda juu ya rundo, nikakaa.

Wekesa alikuja na jembe mkononi. "Dada, toka hapo. Si unaona tunataka kuwasha?"

Nikaandika: Nipe mimi.

"Za nini?"

Nikaandika: Ukuta.

Alisoma mara mbili. "Ati ukuta. Mama analala kwa jirani, dada. Ama unataka alale ndani ya kumbukumbu?"

Ana haki. Hilo ndilo liliniuma zaidi. Ningekuwa na sauti ningemjibu vibaya, na tungeachana hapo. Sikuwa nayo. Nikakaa tu. Baadaye mama akaja na kigoda na chai, akaketi karibu na miguu yangu. Jua likasogea. Wekesa alituangalia, akaenda. Aliporudi alikuwa na pikapu ya rafiki yake, ile inayobeba kabeji.

"Chukua. Kuni nitatafuta kwingine," akasema. "Lakini mama akinyeshewa, bana, usinipigie kelele."

Alipakia yeye mwenyewe. Mlango wa mbele aliulaza juu ya magunia.

Alhamisi, 16 Februari

Kazi ya kung'oa misumari. Inatoka ikilia. Uani kunanuka moshi wa jikoni ya mama, mpaka nikageuka kutazama kama kuna mtu anapika.

Nilidhani mbao zote zina rangi moja. La. Kuna nyeusi inayong'aa, ya boriti. Kuna kijivu cha upande uliopigwa na jua. Kuna buluu ya mlango wa mbele, imechubuka hadi chini yake pakaonekana kijani ambacho sikumbuki tulikipaka lini. Nyingine mchwa wamezichora mito midogo midogo. Nazilaza kwenye nyasi, nazizunguka bila viatu. Nalala mchana katikati yake. Naota niko chini ya maji, na kila ninayekutana naye ananiimbia jina lake.

Ijumaa, 24 Februari

Picha imekuja yenyewe. Niliamka nikaona boriti nyeusi zimelala kama mgongo wa mlima. Mlima Elgon, mama huuita Masaba. Nyumbani tulikuwa tunauona kwa upande mmoja, hapa Kitale tunauona kwa upande mwingine. Nitauweka wote. Mlango wa buluu utakuwa mbingu. Mbao za kijivu zitakuwa ukungu wa asubuhi, ule unaoufanya mlima uonekane haujaamua kama utakuja.

Nakata kwa msumeno, napiga msasa kidogo tu, nisiondoe moshi. Nyuma napaka oili chafu ya gari, mchwa wasirudi. Baba Nanjala amesema mbao zisigusane na ukuta, ziachiwe nafasi ya upepo, zisioze. Ni karani wa ofisi ya mifugo. Sijui alijua wapi.

Kwenye meza ya chakula amesema watu wanamuuliza kama tumekosa rangi. Nimeandika: Waambie ndiyo. Akacheka peke yake. Mimi hata kucheka sijaruhusiwa.

Jumapili, 5 Machi

Kanisani. Nilikaa nyuma. Kwaya imeimba wimbo ambao sauti yake ya juu huwa yangu. Ameimba msichana mpya. Ameimba vizuri.

Nimeona wivu mbaya. Nilitaka akosee. Nilitoka kabla ya baraka, nikaenda kupiga nyundo hadi mikono ikavimba. Kama sauti haitarudi, mimi ni nani? Mwalimu asiyesikika. Mtu wa kuchonga ukuta.

Jumamosi, 18 Machi

Niandike tu.

Asubuhi tulianza kutundika. Baba Nanjala juu ya ngazi, mimi chini nikimpa vipande. Boriti zilikaa vizuri. Mbingu ilikaa. Ilikuwa imebaki kukaza upande mmoja wa mlango wa buluu, mawingu yakashuka kutoka mlimani bila kubisha. Upepo, kisha mvua ya mawe. Yeye hakushuka. Alishuka vidato viwili tu, akauegemeza mgongo kwenye ukungu wangu ili using'oke, kichwa ameinamisha, mawe yanampiga shingoni.

Nikaona mlango ukifunguka ukutani. Polepole, kama mtu anatoka. Juu ya kichwa chake. Yeye hakuuona.

Nikapiga makofi. Mabati yalikuwa yanaunguruma, hakusikia.

Nikasema, "Barasa, toka."

Sikusema. Nilipasuka. Sikumwita Baba Nanjala kama kila siku. Nilimwita jina lake, na sauti iliyotoka sikuijua. Aliruka. Mlango ukaangukia ngazi, ukaivunja.

Tulikaa kwenye matope, amenishika uso kwa mikono miwili. "Umeongea," anasema. "Kwa nini umeongea?" Machozi yanamtoka. Kooni kuna moto. Nimetema, mate yana wekundu.

Jumapili, 19 Machi

Kibao kimerudi shingoni. Sijui nimeharibu nini. Naogopa.

Ningeongea tena.

Jumatano, 22 Machi

Mlango umepasuka katikati. Baba Nanjala alitaka kuuziba kwa gundi. Nimemkataza. Tumeutundika hivyo hivyo, kwa skrubu ndefu, yeye kwenye ngazi ya kuazima. Hakuna aliyemwomba. Alikuja kutoka kazini, akavua koti, akapanda.

Jumanne, 28 Machi

Daktari alichungulia kwa muda mrefu. Niliangalia dari.

Kidonda kimepona, akasema. Ile damu ilikuwa mkwaruzo tu. Naweza kuongea, kidogo kidogo. Darasani nitarudi muhula ujao. Lakini sauti imeteremka, na ya juu haitarudi. Akaniuliza kama mimi huimba.

Nikatikisa kichwa. Uongo. Sikutaka anihurumie.

Nililia njiani kidogo tu. Nilipofika, jua lilikuwa limelala ukutani na mlima wote umekuwa mwekundu. Majirani wawili walikuwa wamesimama barabarani wakiutazama, na mmoja alikuwa amevua kofia. Nikawasalimia. Neno moja tu. Liliingia chini, zito, kama jiwe kisimani.

Jumatatu ya Pasaka, 17 Aprili

Wekesa amemleta mama. Nyumba ya mama imefika kwenye renta, juu ya madirisha, anasema, ikifika Agosti atakuwa ndani. Wekesa alitembea mbele ya ukuta, mikono nyuma, huku na huku. "Umejua kusumbua watu, dada," akasema. Halafu akaenda kumsaidia Barasa kuchinja kuku.

Mama alitaka kukaa nje. Nikamwekea kiti penye jua, akashika boriti, akanusa vidole vyake. Nilikuwa bado sijaongea naye, tulipokuwa tunakula kulikuwa na kelele. Nikatoka na kikombe, nikasimama nyuma yake.

"Mama, chai hii hapa."

Aligeuka haraka, chai ikamwagika. Alinitazama kana kwamba kuna mtu nyuma yangu.

"Sema tena," akasema.

"Niseme nini?"

Akafumba macho. Uso wake ukalegea, ukawa wa msichana.

"Hiyo sauti ni ya baba yako," akasema. "Chochote. Sema tu."

Nikaketi kando yake. Nikamwambia habari za Nanjala, na za shule, na jinsi mahindi ya jirani yanavyochipua. Polepole, kidogo kidogo. Hakufumbua macho hadi kivuli kikatufikia.