Sentensi Tano za Esha

Msambweni,
Kwa njia ya Mombasa.
20 Machi, 1956

Mpendwa mdogo wangu Suleiman,

Assalaamu alaykum. U hali gani, na wifi yangu Mwanafatuma, na hiyo cherehani yako ambayo nasikia imeanza kukohoa? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila miguu imevimba kidogo kwa kukaa. Eda imebakisha miezi miwili na siku mbili.

Mwandiko huu ni wangu, uuvumilie. Barua yangu ya mwezi wa Rajabu aliiandika shemeji Jumbe, naye akisikia neno moja huandika matatu. Marehemu mume wangu Salimu ndiye aliyenifundisha herufi hizi, jioni akirudi kutoka kazini kiwandani Ramisi. Sikujua kwamba nitakuja kuzitumia kukueleza habari za nyumba asiyokuwemo.

Nyumba ni kimya, Suleiman. Bi Mwanamkuu wa jirani huja adhuhuri kunitazama, na akishakula husinzia. Akiondoka nabaki na mbuzi. Usingizi unanitoka kabla ya adhana ya alfajiri, nakaa kitandani nasikiliza, na hakuna wa kumwambia hata kwamba mvua imeanza. Upweke huu sikuwa naujua.

Kwa hiyo nilipokuandikia umrudishe mwanangu Esha kutoka huko Unguja kabla ya Ramadhani, nikasema nataka wa kunitekea maji, nilikuficha. Maji naletewa. Nilimtaka alale kando yangu.

Katika jibu lako ukatia ukurasa wa daftari lake la Kiingereza, nione anavyoandika vizuri. Mimi na wewe Kiingereza chetu ni kimoja, hatunacho. Nikamwita Mwalimu Boga anisomee. Unamjua kwa adabu: aliketi barazani akaupa mlango mgongo, mimi ndani nyuma ya pazia, na Bi Mwanamkuu kati yetu. Waliopita njiani walidhani Mwalimu anausomesha mnazi.

Akasema watoto walipewa neno moja, awake, kila mmoja alitungie sentensi tano. Nikamuuliza kama maana yake ni kukesha.

"La, dada," akasema. "Kukesha mtu hukusudia, kama kwenye maulidi au kwa mgonjwa, na Waingereza wana neno lake jingine. Hili ni la mtu aliye macho tu, hata kama hakutaka."

Kumbe na wao yanawapata.

Sentensi ya kwanza ni ya paka, yuko macho. Ya pili ni yako: mjomba yuko macho mpaka afungue gazeti. Nilicheka peke yangu nyuma ya pazia, mara ya kwanza tangu maziko. Ya tatu inasema mtoto mchanga wa jirani yenu yuko macho usiku kucha, na ya nne kwamba nyumbani kwetu mama huwa macho kabla ya jogoo. Ya tano Mwalimu aliisoma kwanza kwa Kiingereza, ndipo akaifasiri: hapa mimi niko macho kabla ya watu wote, nawangojea. Zote zimetiwa alama ya sahihi. Hiyo ya tano mwalimu wao ameiandikia kwa wino mwekundu kwamba ni nzuri sana.

Nililia mpaka Mwalimu Boga akaaga.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba mtoto afunge safari hata leo. Nimekaa na wazo hilo siku tatu. Kinachomwamsha Esha si Unguja, ni msiba wa babake ambaye hakuwahi kumzika, na msiba huo atakuja nao huku. Akirudi tutakuwa watu wawili tusiolala, na mmoja wetu hakusoma. Marehemu alimleta kwako mwenyewe, akiwa na homa, kwa kuwa shule ilikuwa inafunguliwa. Siwezi kuitangua safari ile kwa sababu naogopa kitanda kitupu.

Basi usimlete. Barua hii nampa mkononi Othman, anayesafiri kuja huko, ikufikie kabla hujamkatia nafasi ya chombo. Ile ya Rajabu ichane, na usimsomee Esha.

Lakini nina ombi kwa wifi yangu. Akiamka kukanda unga, amwite Esha jikoni, hata kama hana kazi ya kumpa. Amweke karibu na moto. Asimpe mawaidha, wala asimtajie babake mpaka aanze mwenyewe. Iwe tu kwamba yupo mtu mwingine aliyeamka. Na akiwauliza mimi nalala vipi, mwambieni nalala.

Bi Mwanamkuu na shemeji Jumbe wanawasalimu nyote, na Mwalimu Boga amesema Esha apewe heko yake. Mwenyezi Mungu awajaalie riziki ya halali na afya, na aifikishe Ramadhani kwetu sote tukiwa hai.

Dada yako akupendaye,
Mbeyu binti Rai