Mapasa Wawili, Pistole Moja

Yaya Kyungu, kaka yangu,

Ni minye Kabange, ule mwenye ulimutangulia kidogo tu kutoka ku tumbo la mama, ukamuringia miaka yote juu ya ile. Nakuandikia na hasira. Ningekuwa na muntu mwingine wa kukasirikia ningemukasirikia, lakini hapa Likasi kila muntu iko na shida zake, na weye njo uko na nafasi ya kunisikiliza.

Leo saa ine napanda ku kambi. Adjudant Kalenga, mutunza silaha wetu, anafungua tena kabati yake ya chuma. Vita inatoka mashariki, sasa wakubwa wamekumbuka kama siye masergenti tuko wazima. Solde, mushahara wetu, hawakukumbuka. Kila mumoja arudishe pistole yake, kama anataka, achague ingine. Kuchagua! Mu kabati mumebakia mbili tu: ile kubwa nyeusi, na ile kadogo yako. Ndiyo, yako. Waliitoa mu mukono yako, wakaipanguza, wakairudisha mu kabati sawa sahani.

Mama anataka nichukue yako, niibebe pamoja na yangu. Zinafanana, anasema, na mapasa hawatenganishwe. Nikichukua kubwa peke yangu, utakasirika, utakuja kunikamata. Juzi aliniambia vile mbele ya majirani, nikatoka inje bila kumaliza bukari, ugali wake. Nikalala njaa kwa sababu yako, yaya, weye mwenye hata hauli tena.

Unakumbuka viatu? Tantine, mama mudogo wetu, alituletea peya moja kutoka Mulungwishi, kwenye alikuwa anapikia wanafunzi. Muntu mwingine angesema tuvae kwa zamu. Mama hapana! Weye mguu wa kuume, minye wa kushoto, na siku ya Mungu tukaenda ku misa kila mumoja na kiatu kimoja, vichwa juu kabisa. Weye ulifurahi. Minye kidole changu cha mguu usio na kiatu kilipiga jiwe, nikalia njia yote. Ukaniambia, "Nyamaza, Kabange, wangu pia unaumia." Wako haukuumia. Ulikuwa muongo toka zamani.

Tulikuwa watoto, bon. Lakini ile siku ya kuchagua mu kambi tulikuwa wanaume na ndevu! Adjudant aliweka tatu ku meza, ile kubwa na zile mbili ndogo. Akatupeleka nyuma ya kambi, tukapiga ku kichuguu. Kubwa ilipiga yote, moja nyuma ya ingine, bila kelele ya ajabu. Ni nzito, kweli, inavuta mukaba chini, lakini inajaa mu mukono. Na masasi yake, risasi zenyewe, ni yale ya bunduki za mitrayeti, hata nchi ikifa yatapatikana. Zile ndogo, kidole chetu cha mwisho kilikosa pa kushika. Masasi yake yananuka unyevu. Na yako ilikwama palepale, mbele yetu siye watatu! Adjudant aliikwamua na bisibisi, akasema, "Batoto, chukueni kubwa. Mwenye iko na garde, zamu ya kulinda, anaibeba, mwenye anapumuzika anaiacha. Ndogo moja ikae ku nyumba."

Nilisema ndiyo. Nilisema mbele ya Adjudant, na sitaacha kusema vile. Weye ukacheka na lile cheko lako, ukajibu, "Hapana, mon adjudant, siye ni mapasa." Na kifua mbele! Ukachukua zile mbili zenye kufanana, ukanitia moja mu mukono sawa pipi. Ku njia nikakugombeza mupaka Kikula. Ukaniuliza, "Mama atasema nini?" Njo jibu lako lote. Askari mwenye galoni ku bega, na anaogopa mama yake kuliko wezi.

Basi wakakutuma kulinda waya za umeme ku njia ya Kamatanda, kwenye wezi wanakata shaba kila wiki. Bunduki ndefu zilikuwa zimeenda na wakubwa, haukuwa na kingine cha kujikingia. Wenzako walinieleza. Ulipiga moja ikatoka. Ya pili ikakwama, na walikuona unaipiga na kiganja, unaipiga tu, sawa radio ya mama ikikata. Yaya, juu ya nini haukukimbia? Ulikuwa na miguu! Viatu viwili!

Na mazishi yako ilikuwa nini ile. Mapasa hawaliliwe, walisema, tukikulilia utarudi kubeba wengine. Wamama waliimba zile nyimbo za mapasa, za matusi, mupadri akaangalia chini, nikacheka sababu ilibidi nicheke. Taya ziliniuma siku nyingi. Tangu siku ile mama anaweka sahani mbili ku meza, anakaa anakungojea, kisha anamimina yako mu yangu. Siye tunakosa unga, mutaa wote unakosa, na minye nakula ya batu wawili na macho ya majirani juu yangu. Umeme wenye ulikuwa unaulinda hauko. Tunapikia makaa. Ile waya walirudi kuikata, ikaenda yote.

Nimefikiri usiku na muchana. Kama nikibeba zile mbili ndogo, mama atalala vizuri. Atawaambia batu, muone, bado wako wawili. Na siku vita itafika ku daraja letu, nitakuwa na pistole mbili zenye kukwama, niko napiga na viganja vyote viwili. Hapana. Mama nitamupa mutoto wake mumoja mwenye kupumua, hata akinuna. Anune. Nampenda, lakini hii ya leo si kiatu.

Nitachukua ile kubwa. Yangu ndogo nitaiweka mu kabati pembeni ya yako, zibaki pale zifanane vile zinataka. Ni kitu cha kwanza mu maisha yangu napokea bila weye kupokea. Kama ni kweli unakasirika, kasirika, yaya. Minye nilianza zamani kukukasirikia, na ningali nakupenda, basi hata weye utaweza.

Kwa hiyo lala, Kyungu wangu, na acha kunivuta. Nakuahidi kitu kimoja: nitazeeka. Nitaota mvi, meno yatatoka, tumbo litakuja kama la baba. Weye utabaki na ile sura batu walikuwa wanatuchanganyia, na minye nitaiacha, kidogo kidogo, kila mwaka. Siku nitafika kwako, usinitafute ku uso. Niite jina.

Ndugu yako,
Kabange