Dawa Niliyoitia Kwenye Mchezo wa Limi

Jumamosi, 7 Juni

Kompyuta yetu imeganda tena. Mwalimu Nasra, anayetufundisha kompyuta, anasema ni vumbi la Bariadi, eti kwao Tanga hakuna vumbi hivi. Haya. Hata hivyo tumemaliza mchezo wa ngoma, mimi na mwenzangu Limi. Unaunganisha vipande vya rangi, kila kipande amri moja: songa, ruka, geuka. Wachezaji nimewatengeneza mimi. Mabega yanatikisika vizuri, ila mmoja mguu unamtoka. Limi katengeneza watazamaji. Kazi ngumu kaifanya yeye.

Vyama vyetu viwili vya ngoma, Wagika upande huu wa uwanja, Wagalu upande ule, wanacheza kwa wakati mmoja kama tunavyofanya baada ya mavuno. Kila ukibonyeza, wachezaji wako wanaruka na watazamaji wanasogea kwako. Mwenye watu ndiye mshindi.

Jumanne, 10 Juni

Babu leo tena kamtuma mama sokoni. Mwenyewe haendi. Yeye ni manju, kiongozi wa ngoma, wa Wagalu, na msimu uliopita watu walimkimbia wote, akabaki na sisi wajukuu na mbwa wa jirani. Walihamia kwa mzee Ngasa, manju wa Wagika, babu yake Limi. Tangu hapo sokoni hapiti. Anasema magoti. Si magoti.

Nikamweleza mchezo wetu. Akauliza nani anashinda. Nikasema mwenye kidole chepesi. Akacheka. "Anashinda mwenye dawa." Kila manju huvaa dawa ya kuvuta watu, hilo halifichwi. Nilimwonea huruma.

Alhamisi, 12 Juni

Limi alitoka kwenda kunywa maji. Nikafungua vipande vyake. Kwa Wagika aliandika watazamaji wasogee hatua kumi, kwa Wagalu kumi vilevile. Ya Wagika nikafuta, nikaandika nne. Nikafunga.

Alirudi na vikombe viwili. Kimoja changu. Nilikunywa chote.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya wazazi. Shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima, ukumbi wa kanisa umejaa. Mimi nilidhani tutacheza sisi wenyewe na babu atatazama tu afurahi. Mwalimu Nasra, mgeni wa watu, akawaita manju wawili mbele wacheze wao. Ukumbi ukapiga vigelegele.

Mzee Ngasa alibonyeza kitufe kama anayetwanga. Watazamaji wanajikokota kwake, wanakimbilia kwa babu. Mara tatu walirudia. Mara tatu uwanja wa mzee Ngasa ukabaki mtupu. Watu walicheka sana. Mtu akauliza nani katengeneza watazamaji. Mwalimu akamsimamisha Limi apigiwe makofi.

Limi hakuelewa kilichoharibika. Alikuwa anatazama shuka. Mimi nilipiga makofi.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani Limi kakaa benchi la nyuma kabisa. Dada yake kaniambia nje. Nyumbani kwao wanasema kamuuza babu yake mbele za watu. Baba mdogo wao anasema ukoo wetu umemhonga. Mzee Ngasa hali chakula. Ijumaa Limi anapelekwa Lalago kwa shangazi yake akasaidie pamba, na mambo ya kompyuta basi.

Limi kaapa kwamba aliandika kumi na kumi. Hakuna anayejua maana yake. Mimi ndiye ninayejua.

Jumatatu, 16 Juni

Babu kaenda sokoni. Kavaa kofia ya msimu wa ngoma. Watu wanamsalimia kama zamani. Kaniletea soda. Muda wote alikuwa ananitazama nikiinywa. Mimi ni mtu mbaya.

Jumanne, 17 Juni

Nimemwambia babu. Nilianza na dawa, kwamba hata yeye huvaa. Nilifikiri itanisaidia.

"Nimevaa mkononi mwangu," akasema. "Sijawahi kuitia kwenye chungu cha mwenzangu."

Nikamwomba asihangaike, nitakwenda kwa kina Limi kusema ukweli peke yangu. Akasema walioshangilia walimshangilia yeye, kwa hiyo tunakwenda wote. Kofia aliiacha kwenye msumari. Hilo limeniuma kuliko kama angenichapa.

Jumatano, 18 Juni

Tumefika kwa mzee Ngasa asubuhi. Babu akatoa salamu ya asubuhi, "Mwangaluka", wakaitikia kwa taabu. Limi alikuwa anachambua maharage. Begi lake la Lalago mlangoni.

Nikasema mbele ya wote. Limi aliandika sawasawa. Namba niliibadilisha mimi.

Baba mdogo wake alifoka kwa Kisukuma, mengi nilistahili. Babu akasimama. "Ngasa, sikukushinda. Sokoni nitasema mwenyewe." Mzee Ngasa akaomba aletewe uji. Akamwambia Limi, "Ng'wana wane, mwanangu, toa begi hilo mlangoni."

Limi alinyanyua macho mara moja tu. Akaniuliza, "Lini?"

Alhamisi, nikasema. Ulipotoka kunywa maji.

"Nikakuletea na wewe," akasema. Akaendelea na maharage.

Jumamosi, 21 Juni

Limi karudi kwenye kompyuta. Nne kaifuta mwenyewe, kaandika kumi. Nilimwambia Mwalimu Nasra mbele ya wenzangu. Alinisema, kisha akasema kompyuta hazitoshi, tukae palepale tulipokuwa.

Limi alifungua vipande vyangu vyote akasoma kimoja kimoja. Ule mguu uliokuwa unatoka kaurekebisha. Namwacha akague.

Baadaye alipotaka kwenda kunywa maji, alihifadhi kazi na kuifunga kwanza. Nikaweka mikono mapajani aione akirudi.

Alirudi na kikombe kimoja, chake. Nilimsogezea kiti.