Alhamisi ya Kofia

Athenry, 2 Julai

Mkwe wangu Orlaith,

Hujambo mwanangu? Huko Limerick mvua inawaacha mpumue? Mimi sijambo, isipokuwa goti, nalo tumeshazoeana.

Mbio za farasi za Galway ndizo hizo zinabisha hodi. Nimezitoa kofia zetu nyeusi kabatini, nimezipiga brashi, na yako nimeishonea mpira wa kidevuni, maana mwaka jana upepo uliibeba ikamwangukia padri mapajani. Mwaka wa tatu huu tangu mumeo, Cathal wangu, atutoke, na kila Alhamisi ya kofia, siku ile ya mbio ambayo wanawake huja na kofia zao bora, tumesimama pamoja pale kwenye uzio, wewe na mimi. Njoo Jumatano ulale hapa. Nitaoka mkate wa soda, ule usiotiwa hamira.

Mama

Limerick, 8 Julai

Mama,

Shikamoo. Pole na goti. Mwaka huu sitaweza kuja. Kwenye duka la dawa wamenipangia zamu Alhamisi hiyohiyo, na hakuna wa kubadilishana naye. Nenda na jirani. Nisamehe.

Mkweo, Orlaith

Athenry, 10 Julai

Orlaith,

Mimi sijambo, na wewe hujambo sana, nimesikia. Katika maduka yote ya kofia ya Ireland ukaenda kwa rafiki yangu Assumpta? Amenipigia simu kuulizia goti, eti. Goti lenyewe hata hakulitaja. Anasema ulijaribu kofia ya kijani yenye unyoya, ukaigeuza kushoto, ukaigeuza kulia, na mwanamume mrefu amekushikia mkoba. Mwanangu, mimi ni mtu mzima. Mwanamume anayeshika mkoba wa mwanamke saa nzima kwenye duka la kofia, ama ni mumewe ama yuko njiani.

Nimelia kidogo, sikufichi. Lakini kilichoniliza si yeye. Ni hiyo zamu ya duka la dawa. Haya, ni nani huyo?

Mama

Limerick, 21 Julai

Mama mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imekaa mkobani siku zote hizi, naona aibu hata kuifungua tena. Anaitwa Fergal, ni daktari wa mifugo, mpole, hana makuu. Tangu Pasaka nataka kukwambia. Kofia ile nilitaka nije nayo kwenye mbio, pamoja naye, nikashindwa kukukabili.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka tisa. Wewe ndiye uliyenifundisha kuchomeka pini ya kofia bila kujitoboa kichwa. Nisipokuwa tena mke wa Cathal, mimi ni nani kwako? Kumpoteza yeye kulinitosha. Nikikupoteza na wewe sitaweza.

Ya kijani nimeirudisha dukani. Ukitaka, nitakuja na ile nyeusi, peke yangu.

Orlaith

Athenry, 24 Julai

Mwanangu,

Barua nimeipata asubuhi, na kufika saa sita nilikuwa nimeshasimama mbele ya Assumpta, goti na yote. Kofia ya kijani nimeinunua. Niliijaribu kwenye kioo nikafanana na kabichi, kwa hiyo ni yako, utake usitake. Nimempa dereva wa basi la jioni, ukaichukue stendi.

Mimi nitavaa nyeusi. Usinihurumie wala usiniige. Mimi nilimzaa, na hilo haliishi. Wewe ulimpenda, ukamuuguza, ukamzika vizuri. Hakuna anayekudai zaidi ya hapo, na anayekudai mlete kwangu.

Unaniuliza wewe ni nani kwangu. Swali gani hilo, Orlaith? Cathal ndiye aliyekuleta mlangoni kwangu, ni kweli, lakini alipoondoka hakuondoka na wewe.

Nimekata tiketi tatu. Fergal asimame upande wangu wa kushoto, sikio la kulia halisikii siku hizi, nami nataka kumsikia. Kama anaona haya, mwambie hata mimi naona.

Jumatano mje wote wawili. Wewe nimekutandikia chumba chako. Yeye atalala sebuleni kwenye kochi. Ni fupi, najua, miguu itaning'inia, lakini mpaka mfunge ndoa ndivyo mambo yalivyo nyumbani kwa mama yako.

Nuala