Unga Usiohesabiwa

Liège, Ubelgiji, siku nyingine ya mvua

Mama yangu mpenzi,

Ninakusalimu wewe na Papa, na wote mnaoamka hapo Kalemie mkaliona ziwa. Mguu wako umepona? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo imechafuka. Nimechukizwa, Mama.

Unajua ninachosomea. Kuna maswali ya hesabu ambayo jibu lake halipatikani mara moja. Mashine inalikaribia hatua kwa hatua, na kila hatua isiende mbali na ile iliyotangulia. Kazi yangu ni kujua inachukua hatua ngapi kufika. Profesa wangu anajigamba katika makala yake kwamba ni chache sana. Lakini ndani ya kila hatua mna swali zima jingine, lenye hatua zake, na hizo yeye anaziruka.

Jumapili alikuja kula kwangu. Nilisonga bukari ya ule unga ulionitumia, pamoja na ndagala, vile visamaki vya ziwa letu. Akatazama, akasema, “Chakula cha kwenu ni cha haraka!”

Kwetu mgeni haambiwi jasho la chakula. Safari hii nilimwambia: “Mama yangu alichimba muhogo, akauloweka, akauanika, akautwanga. Wewe umeona mwiko tu, na makala yako njo vile vile: inahesabu mwiko, unga haihesabu.”

Alicheka, mafuta ya ndagala yakimtiririka kidevuni. “Nani anauliza habari za unga?” Kisha akatoa makala na kalamu mfukoni ili nitie sahihi kando ya jina lake. Nisipotia, shahada sipati. Ptuu! Mtu anakula jasho lako, halafu anataka uape kwamba halikuwapo.

Nikakumbuka ulivyomkemea dada Feza alipotaka kutoa muhogo majini mapema, sumu yake haijatoka: “Unataka kuua bantu? Acha ilowe kwanza, mutoto yangu!” Nikamrudishia kalamu yake. Aliondoka bila kunawa wala kuaga.

Tangu hapo nimeandika hesabu yangu nzima, na hatua za ndani zimo. Ni ndefu, haina sura, lakini ni ya kweli. Nimeipeleka kwa wakubwa wa chuo. Huenda wakanifukuza, na ninaogopa.

Nisalimie Papa na kofia yake ya reli, Feza, na mama mkubwa anayeuza ndagala sokoni. Wakiuliza shahada iko wapi, waambie bado iko ndani ya maji.

Mwanao,
Kasongo