Simu Imejaa, na Baba Bado Anarekodi

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla mume wangu hajarudi jioni, maana ameniambia nisipofuta mwenyewe atanifutia yeye, na mimi kidole kinagoma.

Mimi ni fundi cherehani, nashona magauni ya sherehe kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, na kazi yangu yote iko kwenye simu, wateja wananitumia vipimo na picha za mitindo kwa meseji, sasa simu imejaa, kila nikiishika inaniambia nafasi hakuna, na wiki iliyopita bi harusi mmoja alinitumia picha ya mikono anayoitaka, picha ikakataa kufunguka, nikaona aibu kumsumbua, nikakata mikono mifupi kama tulivyoelewana mwanzo, kumbe alishabadili mawazo anataka mirefu, akalia mbele ya kioo changu mpaka na mimi nikalia, ikabidi niunge kwa lesi, na kuunga ni kuunga tu, shangazi, jicho linaona.

Mume wangu ni fundi umeme. Aliposikia hayo akachukua simu akaipekua, akafika kwenye meseji za baba yangu, akakuta rekodi za sauti zimepangana, hii nusu saa, hii saa nzima, akasema mzee ndiye anayetumaliza, zifute zote uanze upya.

Ni kweli baba anarekodi. Tangu mama afariki anaishi peke yake, na alipojifunza kutuma sauti alijifunza pia kufunga kile kitufe ili usikishike muda wote, basi anakifunga, anaiweka simu mfukoni mwa shati, anaendelea na shughuli zake, ukisikiliza utasikia anafagia, anaosha vikombe, anamgombeza paka ashuke mezani, kisha kimya kirefu, kisha anakohoa. Nilidhani anakosea, nikamweleza namna ya kuzima, akasema sawa mama, kesho yake ikaja ndefu zaidi. Mpaka siku moja nikasikia jirani anaingia anamuuliza anaongea na nani humo ndani, na baba akajibu bila kusita, "Niko na binti yangu."

Tangu hapo siwezi kufuta. Lakini nikuambie ukweli, kusikiliza pia sisikilizi, muda sina, naigusa rekodi icheze kidogo tu ili alama ibadilike rangi aone nimesikia. Juzi akanipigia akauliza kama nimesikia ya jana, nikasema nimesikia yote, baba. Akasema basi unaonaje, nizitoe au niziache? Nikababaika, nikamwambia fanya unavyoona wewe. Akasema haya mama, akakata.

Moyo haukutulia, nikaitafuta ile rekodi, na katikati ya sauti ya maji ya kuoshea vyombo nikamsikia anasema nguo za mama yako bado zimening'inia kabatini, na mimi kila nikifungua nashindwa kufunga. "Sasa nizitoe, au niziache?" Shangazi, sijui amefanya nini, na kumuuliza naona haya. Nifute? Nimwambie aache kurekodi? Niambie lolote, nimechanganyikiwa.

Fundi, binti wa mwisho

*

Binti wa mwisho,

Weka mkasi pembeni, vuta kiti, tuongee.

Huyo mume wako mpe salamu zangu, na umwambie aiache simu yako. Kwenye nyaya sina shaka naye, ila hapa amehukumu bila kupima. Sauti ni nyepesi, mwanangu. Saa nzima ya baba yako na ufagio inaweza isifikie uzito wa video moja ya harusi. Ingia kwenye mipangilio ya hiyo programu ya meseji, tafuta sehemu ya hifadhi, itakuonyesha mazungumzo yako yote kuanzia yenye mzigo mkubwa. Naapa huko juu utakuta kundi la mafundi wenzako na kundi la mliosoma pamoja, wamejaza video za watu wasiowajua wakicheza. Hapo kata bila huruma. Gauni likishachukuliwa, picha zake nazo ziende, na zile za kuonyesha wateja wapya zihamishie kwenye kompyuta au memori kadi. Kisha zima ile tabia ya simu kupakua kila kinachotumwa, ili upakue unachokihitaji mwenyewe. Ukikuta nimekosea na mzee ndiye wa kwanza, niandikie unisute.

Rekodi za baba chagua chache unazozipenda, ile ya jirani isikose, uzitunze nje ya simu. Zilizobaki, ukibanwa, futa na ulale usingizi. Ukifuta kwako, kwake hazifutiki.

Sasa nikugombeze, maana umejitakia. Kumgusia mzee rekodi ili alama ibadilike rangi? Ungekuwa wewe, mteja akakusifia gauni ambalo hajalitoa kwenye mfuko, ungejisikiaje? Najua umechoka, na hakuna mwenye saa nzima kila siku ya kusikiliza vikombe vikioshwa. Baba yako naye sidhani kama anataka usikilize vikombe. Anataka mtu nyumbani. Basi mpigie asubuhi ukikaa kwenye cherehani, weka sauti kubwa, simu iwe kando ya kitambaa. Yeye afagie, wewe ushone, mwenye neno aseme na asiye na neno anyamaze. Ukimpata hivyo hata mara mbili kwa wiki hatahitaji kurekodi, na simu ya kupiga haijazi nafasi.

Ila nguo za mama yako hazisubiri hiyo asubuhi. Baba hakuwa anakuomba ruhusa, alikuwa anaogopa kusimama mbele ya lile kabati peke yake, na wewe ukamrudisha hapo hapo. Haya zako hazimsaidii.

Mpigie sasa hivi. Mwambie, "Baba, nilikudanganya, sikuwa nimesikiliza. Nguo za mama bado zipo?" Kama zipo, mwombe asiguse kitu, ufunge kazi siku moja uende mkazitoe pamoja, au mkae nazo pamoja, mtakavyoona huko huko. Na kama ameshazitoa, usimlaumu, wala usikimbilie kulia kabla yake. Muulize alianza na ipi, kisha unyamaze, umsikilize mpaka amalize.