Iyi Nyumba Aiuzishwe

Jumatatu, 3 Novemba

Papa Esther,

Nimepalilia maharage tangu asubuhi. Mgongo unauma. Niliporudi nikakuta matangazo mapya ukutani kwetu, upande wa barabara. Moja la maombi ya uponyaji. Jingine la mganga wa meno na wivu. Nimeyabandua kwa maji na kisu. Wanatumia gundi ya unga wa muhogo, inashika vibaya sana. Ukuta wa mjane wanauona ni wa kila mtu.

Maneno yako sikuyagusa. IYI NYUMBA AIUZISHWE. Uliyaandika tuliporudi kutoka kukimbia vita, tukakuta nyumba za wengine zimeuzwa wenyewe hawapo. Kwa rangi ya kijani iliyobaki ulipopakwa mlango wa kanisa. Mimi nilishika kibati cha rangi. Nilikuambia mbele ya AIUZISHWE kuna H, kama kwenye haiuzwi. Ukasema mwizi atasoma tu hivyo hivyo. Ulikuwa na kijani kwenye ndevu hadi Jumapili.

Jumatano, 5 Novemba

Siku mbaya. Kuta za njia ya soko zimeandikwa kwa makaa. Jina la kundi moja la wenye silaha, na matusi kwa kundi jingine. Hata kwa jirani yetu Mama Riziki. Analia. Anasema hao waliotukanwa wakifika, watasema ndiye yeye, yeye njo aliandika. Mama ambaye hajui kusoma. Tumesugua kwa mchanga na majani mpaka vidole vikachubuka. Bado yanasomeka.

Naogopa.

Ijumaa, 7 Novemba

Mkutano kwa chefu, mkuu wa kijiji. Kesho salongo, kazi ya kijiji kizima. Matangazo yote yabanduliwe, kuta zote za barabarani zipakwe chokaa. Nilinyoosha mkono kukubali. Ni jambo jema. Kisha nikauliza juu ya maneno yako.

Chefu akasema, "Mama Esther, tukiacha yako, muganga wa meno naye atasema yake iko ya maana."

Watu walicheka. Mimi pia, kidogo. Halafu mdogo wako Bahati akasimama, akasema chokaa yote ataleta yeye. Wakampigia makofi. Mimi sikupiga. Tangu tukuzike amekuja mara nyingi na wageni wanaopima kiwanja kwa macho. Anasema, shemeji, mjane anarudi kwao, rudi Ntoto. Karatasi ya kiwanja iliungua tulipokimbia, naye anajua. Ni ukuta tu unaomkatalia.

Leo namchukia. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 8 Novemba

Wamebandua, wamesugua, wamepaka. Walipofika kwetu nikasimama mbele ya maneno yako. Bahati alikuwa na ndoo.

"Shemeji, toka hapo. Chokaa itakauka."

"Papa chefu asome kwanza," nikasema. "Kwa sauti. Kisha upake."

"Sisi wote tunajua kusoma."

"Mimi sijui," akasema Mama Riziki. "Munisomee."

Chefu akavaa miwani. Akasoma polepole, kama Injili. Kisha akauliza, "Na H iko wapi?"

"Marehemu alienda nayo," mtu akajibu nyuma. Wakacheka sana. Nilicheka nikiwa na machozi.

Chefu hakucheka. Alimgeukia Bahati akamuuliza, mbele ya wote, kama kuna mtu wa familia anayepinga maneno hayo. Chokaa ilikuwa inamdondokea viatuni.

"Hapana," akasema.

"Basi tumesikia wote."

Nikamnyang'anya brosi ya kupakia chokaa. Sikutaka mkono wake upite juu ya mkono wako. Nilianza herufi ya mwisho nikirudi nyuma. Chokaa mbichi ni kama maji, kijani kilikuwa kinaniangalia bado. Nikarudia, nikarudia tena, mpaka kikapotea.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua kila siku. Kuta bado safi, hakuna aliyeandika. Mama Riziki sasa analala usiku.

Nilikuwa shambani. Mwanamume mwenye viatu vizuri amefika bombani akiuliza nyumba inayouzishwa. Amesema Bahati njo alimutuma. Wanawake wakaacha bidoni zao za maji. Mama Riziki ndiye amenisimulia.

"Tulimuambia iyi nyumba aiuzishwe. Akabisha. Tukamuambia twende kwa chefu, utamuuliza mwenyewe. Hakutaka kwenda. Alirudi na matope yake."

Hawasemi H hata mmoja. Nimecheka peke yangu jikoni.

Bahati hanisalimu tena. Sawa.

Jumapili, 16 Novemba

Baada ya ibada nimekaa nje. Ukuta mweupe. Jua kidogo.

Sasa naamini tutabaki hapa. Maharage yanaanza kutoa maua.

Esther ameniuliza baba alikuwa anaandika A ya namna gani. Nimejaribu kwa kidole udongoni. Haikuwa hivyo. Nimejaribu nyingine, mguu mmoja mrefu. Hata hiyo hapana. Nimefungua Biblia, jina langu lipo lakini niliandika mwenyewe. Hukuwa mtu wa kuandika. Hakuna kingine cha mkono wako ndani ya nyumba hii. Nimetafuta.

Mtoto amesema si kitu, mama.

Nitakukumbuka na A ambayo si yako. Wewe huko ulipo, unikumbuke mimi vizuri zaidi.